Mlima Uliochujwa: Anna-Eva Bergman na Nuru ya Kaskazini

Kiswahili kinaiita sanaa hii dhahania, na neno lenyewe hubeba hukumu kabla picha haijatazamwa. Anayelisikia hufikiria jambo la kichwani tu, lisiloshikika, lisilo na mwenzake duniani. Kwa hiyo mchoraji wa dhahania huonekana mtu aliyeupa ulimwengu kisogo akajifungia ndani na rangi zake. Wapo wachoraji ambao maelezo hayo yanawaenea. Anna-Eva Bergman hayamwenei hata kidogo. Mwanamke huyu wa Norwei, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1987, alitumia zaidi ya miaka 35 ya utu uzima wake kuchora mawe, milima, mwezi, mashua na upeo wa bahari, na bado ukizibeba picha zake hadi Norwei hutaweza kuzitumia kumwonyesha mtu mlima fulani ni upi. Mwenyewe alipendelea kazi yake ieleweke kuwa sanaa ya kudhahanisha, si sanaa dhahania: alitilia mkazo kitendo, yaani kukichukua kitu kilichoonekana kwa macho, kukichuja, kukichuja tena, mpaka libaki lile ambalo ukiliondoa hakuna kilichosalia. Aliyewahi kukuna nazi anajua kwamba tui halifanani na nazi, lakini hakuna anayedai tui limetoka hewani. Nitajaribu kuonyesha kwamba uanzilishi wa Bergman uko katika uchujaji huo, na kwamba wanaompima kwa kalenda, kwa mume wake, au kwa majina ya picha zake, wanapima kitu kingine.

Mwanzo wa maisha yake haukuwa na dalili yoyote ya jambo hilo. Alizaliwa Stockholm, Mei 29, 1909, baba yake akiwa Mswidi na mama yake Mnorwei. Wazazi walitengana angali mchanga, mama akarudi naye kwao Norwei, na huko ndiko alikokulia, mara nyingi mikononi mwa ndugu wa upande wa mama. Mwaka 1926 aliingia shule ya ufundi na sanaa za mikono mjini Oslo, mwaka uliofuata akahamia chuo cha taifa cha sanaa, ambako mwalimu wake alikuwa Axel Revold. Inafaa kumjua Revold kidogo, maana ndani yake tunaiona hali ya uchoraji wa Norwei wakati ule. Alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda Paris kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kujifunza kwa Henri Matisse, akarudi na ujasiri wa rangi, kisha akawa mmoja wa mafundi wakubwa wa picha za ukutani: picha pana za kazi, bahari, mavuno na historia ya taifa. Taifa lenyewe lilikuwa changa, limejitenga na Uswidi mwaka 1905 tu, na lilitaka wachoraji walioweza kulisimulia. Mwanafunzi aliyetoka mikononi mwa Revold alifundishwa kwamba picha ina watu, watu wana kazi, na kazi ina maana. Mwaka 1928 Bergman alikwenda kusoma Vienna, na mwaka 1929 akafika Paris, katika chuo cha André Lhote.

Mwezi Mei mwaka huohuo, jijini Paris, alikutana na Hans Hartung, Mjerumani wa Leipzig aliyekuwa na umri wa miaka 24. Bergman mwenyewe alikuwa hajatimiza 20. Miezi minne baadaye wakaoana Dresden. Hartung alikuwa tayari na michoro ya rangi za maji isiyo na umbo la kitu chochote, aliyoifanya tangu mwaka 1922, na wasimulizi wengi huanzia hapo kuutafuta mwanzo wa Bergman. Lakini tukiangalia alichokuwa akikifanya mwenyewe katika miaka ile, tunakuta jambo tofauti kabisa: vibonzo. Alichora wanene wa mikahawani, wanawake wa manyoya na lulu, wakubwa waliovimba kwa madaraka, na Wanazi. Mstari wake ulikuwa mkali na wa haraka, ndugu wa mistari ya George Grosz na Otto Dix. Waandishi wengi huiruka miaka hii kama ujana uliopotea. Naona wanakosea. Kibonzo ni shule ngumu ya uchujaji: mwenye kukichora hana nafasi ya vivuli wala mapambo, ana mistari mitatu, na katika mistari hiyo mtu lazima atambulike. Mkono uliozoea kuondoa kila kisichohitajika usoni mwa mtu ulikuwa umeshajifunza nusu ya kile ambacho baadaye ungekifanya kwa jabali.

Mwaka 1932 wawili hao walionyesha kazi zao pamoja mjini Oslo. Baba wa Hartung alifariki, fedha zikapungua, Ujerumani ikageuka, nao wakahamia kisiwa cha Menorca, Hispania, ambako mwaka 1933 walijijengea nyumba ndogo nyeupe karibu na kijiji cha Fornells. Ilikuwa nyumba ya kuta tupu na pembe za wazi, mbele yake bahari. Furaha haikudumu: wageni wawili waliojitenga ufukweni waliwatia shaka wenye mamlaka, wakashukiwa ujasusi, na mwaka 1934 wakaondoka. Miaka iliyofuata ilikuwa ya ukata na ya maradhi, kwa sababu Bergman aliugua vibaya na kupasuliwa mara kadhaa. Mwaka 1937 alimwacha Hartung, mwaka 1938 wakatalikiana, na baada ya kukaa katika pwani ya Italia alirudi Norwei mwaka 1939. Vita vilimkuta huko. Aliishi kwa kuchora na kuandika katika magazeti, akatoa na kitabu chenye kumbukumbu za Mediterania mwaka 1942. Kwa karibu muongo mzima hakuchora picha za rangi za kuzungumziwa.

Ila ndani ya ukimya huo alikusanya vitu viwili ambavyo kazi yake yote ya baadaye imesimama juu yake. Cha kwanza ni uwiano wa dhahabu, ule mgawanyo wa mstari ambao sehemu kubwa inaizidi ndogo kwa takribani 1.618, sawasawa na jinsi mstari mzima unavyoizidi sehemu kubwa. Cha pili ni dhahabu yenyewe, kwa maana ya utando wa madini: dhahabu au fedha iliyofuliwa hadi ikawa na unene wa karibu sehemu 1 ya 10,000 ya milimita, ikipandwa juu ya uso uliotayarishwa. Aliyemfungulia mlango wa mambo hayo mawili alikuwa mbunifu majengo Christian Lange, mtu aliyezijua vizuri mbinu za mafundi wa kale. Kwa mara ya kwanza Bergman alipata kanuni ya kupanga uso wa picha isiyotegemea hadithi wala mwili wa mtu, na papo hapo akapata kitu cha kuwekwa juu ya uso huo ambacho si rangi. Tangu miaka ya mwisho ya 1940, vibonzo vikakoma, na watu wakaanza kutoweka katika picha zake. Hawakurudi tena.

Majira ya joto ya mwaka 1950 alipanda meli ya pwani, ile inayosafiri bandari kwa bandari kuelekea kaskazini, akapita visiwa vya Lofoten hadi Finnmark. Msomaji aliyekulia karibu na ikweta itambidi ajilazimishe kidogo hapa, kwa kuwa kwetu jua huchomoza na kuzama kwa saa zilezile mwaka mzima, na jioni ni fupi kama pazia linaloshushwa. Kule, juu ya mzingo wa Aktiki, jua la kiangazi halizami. Katika Rasi ya Kaskazini, yenye latitudo ya digrii 71, jua hubaki juu ya upeo tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Usiku wa manane linakuwa chini kabisa, karibu liguse maji, na mwanga wake unasafiri ubavuni, masafa marefu, ukipitia unyevu wa bahari. Mlima wa mawe unaopigwa na mwanga wa namna hiyo hupoteza uzito. Huoni pande zake wala unene wake. Unaona umbo moja linaloning'inia kati ya maji na mbingu, nyuma yake umbo jingine, na nyuma yake jingine, kama vitambaa vyepesi vilivyoanikwa kwa mfuatano. Bergman aliandika katika maelezo yake ya safari kwamba milima ilionekana kupenyeka kwa macho, kana kwamba hakuna tena kitu chenye unene, na akajionya kwamba anayetaka kuchora jambo hilo asithubutu kuliiga. Ni maneno ya mtu aliyekuwa akitazama kwa makini kupita kiasi cha kawaida, na kilichomfikisha kwenye dhahania kilikuwa utazamaji huo. Aligundua kwamba nuru iliyo mbele yake ilikuwa imeshafanya kazi ya kuchuja: ilikuwa imeuondolea mlima kila kitu isipokuwa umbo.

Mwaka uliofuata, 1951, alikaa majira ya joto Citadelløya, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Stavern, kusini mwa nchi. Huko hakukuwa na milima mikubwa, kulikuwa na miamba ya ufukweni iliyolainishwa na barafu ya kale na mawimbi ya kila siku. Aliichora kwa wino na rangi nyepesi, jiwe baada ya jiwe: duara lililokatwa na ufa, bamba lililolala juu ya bamba, mstari mweupe wa madini uliopita katikati ya mwamba mweusi. Mfuatano wa picha hizo una thamani kubwa kwa hoja yangu, kwa sababu unaturuhusu kuona uchujaji ukitendeka hatua kwa hatua. Katika baadhi ya karatasi bado ni mawe, unaweza karibu kuyakalia. Katika nyingine ufa umekuwa mstari tu, duara limekuwa duara tu, nafasi kati yao imeanza kuwa na nguvu kuliko vyenyewe. Hakuna mahali alipoliacha jiwe. Alilishikilia mpaka likaachia umbo lake. Alipofika mwaka 1953 na kuchora picha aliyoiita nguzo yenye mwezi, alikuwa na kamusi yake: jiwe, nguzo, mwezi, nyota, mlima, kaburi, na baadaye omo la jahazi, mikono ya bahari iingiayo kati ya milima, upeo, mvua, wimbi. Labda maumbo ishirini au thelathini kwa maisha yote. Washairi wengi wakubwa hawakuhitaji zaidi.

Sasa mbinu yenyewe, maana hapa ndipo fikra inapokuwa kazi ya mikono. Uso wa turubai ulitayarishwa kwanza, mara nyingine kwa udongo mwekundu ule ambao mafundi wa picha takatifu waliutumia chini ya dhahabu ili kuipa joto, mara nyingine kwa unga mzito ulioinuliwa hapa na kukwaruzwa pale. Juu yake ukapandwa utando wa madini: dhahabu, fedha, shaba, aluminiamu, bati, hata risasi. Utando huo ni mwepesi kiasi kwamba pumzi inatosha kuupeperusha, na kila kipande kikilazwa ubavuni mwa mwenzake huacha mshono mwembamba. Ukisogea karibu utaiona miraba hiyo, kama vigae. Kisha rangi ikaja juu ya madini, ikiacha sehemu wazi, au madini yakaja juu ya rangi, yakapasuliwa na kukwanguliwa ili kilicho chini kichungulie. Matokeo yake ni uso ambao hauna rangi moja. Rangi ya mafuta ni nyekundu asubuhi na nyekundu jioni. Fedha iliyopandwa juu ya bluu nzito ni nyeupe ukisimama hapa, ni nyeusi ukisogea hatua mbili, na inawaka kama maji ukipita haraka. Kwa maneno mengine, Bergman hakuichora nuru ya kaskazini. Aliweka kwenye turubai kitu kinachoipokea nuru ya chumba na kuitenda vile bahari ya Finnmark inavyoitenda nuru ya usiku wa manane. Huo ni uvumbuzi, na sijui mchoraji mwingine wa Norwei wa kizazi chake aliyeufikia kwa njia hiyo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kumwita mwanzilishi ni la kalenda, nalo ni zito. Wanorwei waliochora dhahania mapema zaidi wapo, na majina yao yanajulikana: Thorvald Hellesen, aliyezaliwa mwaka 1888 na kuhamia Paris mwaka 1912, Charlotte Wankel, wa 1888 pia, Ragnhild Keyser na Ragnhild Kaarbø, wote wa 1889. Walifanya kazi Paris karibu na Fernand Léger katika miaka ya 1920, na baadhi yao walishiriki maonyesho makubwa ya sanaa mpya ya Desemba 1925 katika jiji hilo, wakati Bergman alikuwa msichana wa miaka 16. Ikiwa mwanzilishi ni yule aliyetangulia kufika, basi neno hilo ni lao, na nina hamu ya kuona kila mmoja wao akiandikiwa sura yake. Lakini tazama walipofika. Lugha waliyoizungumza, ya mitungi, mapipa, mashine na viungo vya mwili vilivyokatwa kwa pembe, ilikuwa lugha ya Paris. Waliimudu vizuri mno, ila haikuwa na neno moja la nchi walikotoka, na huko haikupata udongo wa kuota. Wachoraji wa picha za ukutani walikuwa wameshika kuta zote. Bergman hakuwa wa kwanza kuchora bila watu na vitu. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba dhahania inaweza kukamuliwa kutoka jiwe la Norwei lenyewe. Mtu anaweza kumtaja hapa Jakob Weidemann, na ni haki kumtaja: picha zake za sakafu ya msitu, za mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, nazo zimetoka katika ardhi. Isipokuwa Weidemann alikwenda chini, kwenye majani yanayooza na mizizi, kwa rangi nene iliyorundikwa. Bergman alikwenda mbali, kwenye upeo, na mawe yake ya Citadelløya yametangulia kwa miaka kadhaa.

Pingamizi la pili limeudhi watu wengi kabla yangu, na bado linarudiwa: kwamba yeye ni kivuli cha Hartung. Hartung alikuwa na jina. Alipoteza mguu wa kulia vitani karibu na Belfort mwaka 1944 akiwa askari wa upande wa Ufaransa, akapewa uraia wa nchi hiyo, na mwaka 1960 akatwaa tuzo kuu ya uchoraji ya maonyesho ya Venice. Mke wa mtu kama huyo huonekana mke kwanza. Lakini hapa tarehe zinatosha kuamua. Bergman alimwacha mwaka 1937. Uwiano wa dhahabu, utando wa madini, safari ya Finnmark, mawe ya Citadelløya, yote yalitokea Norwei, katika miaka 15 ambayo hawakuwa pamoja. Walipokutana tena Paris mwaka 1952, katika maonyesho ya kumkumbuka mchongaji Julio González, ambaye binti yake Roberta alikuwa mke wa Hartung wakati huo, mwanamke aliyeingia mlangoni alikuwa mchoraji aliyekamilika, mwenye lugha yake. Walirudiana, wakaoana upya mwaka 1957, wakaishi pamoja hadi kifo, kila mmoja na studio yake. Ziweke kazi zao ubavuni: Hartung ni mstari unaopigwa, mchapo, mkwaruzo, mwendo wa mkono, Bergman ni umbo lililotulia, lisilo na haraka, ambalo mkono uliolichora umejificha. Nyumba moja, watu wawili, macho mawili tofauti. Anayetaka kupata mwalimu wa Bergman amtafute katika pwani ya Norwei.

La tatu ni la wale wanaosema: mlima ni mlima. Ikiwa picha inaitwa mlima na ina umbo la mlima, kwa nini tuiite dhahania? Swali hili napenda kulijibu kwa jinsi alivyozipa picha zake majina. Mfano mmoja ni picha iliyoandikwa namba 26, 1962, Moto. Namba inakuja kwanza, inaonyesha nafasi ya picha katika kazi za mwaka ule, kisha mwaka, na jina linakuja mwisho kama mkia. Lingekuwa jambo dogo la daftari kama maumbo yenyewe yasingefanya vivyo hivyo. Fuatilia pindo moja alilolipenda, mstari unaopanda taratibu kutoka kushoto na kushuka ghafla: katika picha moja ni omo la jahazi, katika nyingine ni bega la mlima, kwingine ni jiwe la kaburi lililoinama. Duara lake ni mwezi, ni sayari, ni jiwe la ufukweni. Mchoraji wa mandhari hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa mashua yake ikigeuka mlima atakuwa amekosea mashua. Kwa Bergman kosa halipo, kwa maana alichokuwa akikichora ni kile ambacho mashua na mlima vinashirikiana: namna kitu kikubwa na cheusi kinavyosimama dhidi ya mwanga usio na mwisho. Jina linamkumbusha mtazamaji mahali tui lilikotoka. Halimpi nazi.

Linabaki pingamizi la dhahabu, na hili nakiri lina ukweli ndani yake. Dhahabu ni kitu cha wafalme na makanisa. Inapendeza kabla ya kusema lolote, na mchoraji anayeitumia yuko karibu sana na mpambaji. Zipo picha za Bergman, hasa za katikati ya miaka ya 1950, ambazo nadhani zinakubali kupendeza upesi mno. Tiba aliipata mwenyewe, kwa kuyaharibu madini. Aliyafunika, aliyachana, aliyafifisha, na kadiri miaka ilivyopita alizidi kuchagua yale yasiyo na heshima: aluminiamu baridi, risasi ya kijivu. Isitoshe, Norwei ina urithi wake wa zamani katika jambo hili. Mafundi wa karne ya 13 na 14 waliopamba mbao za mbele za madhabahu, ambazo nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bergen, walikuwa wakipanda utando wa fedha na kuupaka vanishi ya manjano ili uonekane dhahabu. Kwao pia madini yalikuwa chombo cha kushikilia nuru ndani ya kanisa la giza. Mwaka 1964, Bergman aliporudi kaskazini kwa meli akiwa na Hartung, alipiga picha za kamera mamia kwa mamia, za miamba, theluji na maji, na kazi kubwa za Finnmark za miaka iliyofuata zina ukali ambao hakuna mpambaji angeuvumilia: jabali moja kubwa linaloijaza turubai karibu yote, ukanda mwembamba wa mbingu juu, basi.

Kwa nini basi jina lake halikusambaa kulingana na kazi hiyo? Aliiwakilisha Norwei katika maonyesho ya São Paulo mwaka 1969, na jumba la sanaa ya kisasa la jiji la Paris lilimfanyia maonyesho makubwa mwaka 1977. Hakuwa mtu asiyejulikana. Uanamke wake ulimgharimu, na uraia wake uliogawanyika pia: Wanorwei walimwona wa Ufaransa, Wafaransa walimwona wa kaskazini. Lakini ipo sababu nyingine, ya kiufundi, ambayo naona haijapewa uzito wake. Karne ya 20 ilijifunza sanaa kwa vitabu, na kamera ina mahali pamoja pa kusimama. Utando wa fedha ukipigwa picha unageuka kijivu. Dhahabu inageuka rangi ya haradali. Mishono inapotea, na mabadiliko yote ambayo hatua mbili za mtazamaji zingeyazaa hayapo. Mchoro wa Hartung ukichapwa kitabuni unapoteza ukubwa wake tu. Wa Bergman unapoteza kile kilichofanya uwepo. Ndiyo maana maonyesho ya Paris ya mwaka 2023, na yaliyofuata katika makumbusho ya taifa mjini Oslo, yaliwashangaza hata watu waliodhani wanamjua.

Mwaka 1973 yeye na Hartung walihamia Antibes, kusini mwa Ufaransa, katika nyumba nyeupe waliyoijenga ndani ya shamba la mizeituni, ukumbusho wa ile ya Menorca ya miaka 40 nyuma. Kuanzia mwaka 1994 mahali hapo pamekuwa taasisi inayotunza kazi za wote wawili. Ingetarajiwa jua la kusini liijaze kazi yake rangi. Ikawa kinyume. Rangi zilipungua, picha nyingi zikawa ndogo, vitu vikaondoka kimoja kimoja: mlima ukaondoka, mashua ikaondoka, ukabaki upeo, na mwishoni wimbi na mvua. Mvua yake ni mistari myembamba ya kushuka juu ya madini yaliyofifia, haina wingu wala ardhi ya kunyeshea. Alifariki Julai 24, 1987, na Hartung akamfuata Desemba 1989. Zile picha ndogo za mwisho hutundikwa kwenye ukuta mweupe, nawe ukizipita kwa haraka unaona karatasi ya kijivu iliyokwaruzwa. Ukisimama, ukarudi nyuma nusu hatua na kuinamisha kichwa kidogo, mstari mmoja wa fedha unawaka kutoka ukingo hadi ukingo, kisha unazimika.